Sanduku la Fundi: Vakyumu ya Mzee Usiichomeke Kwanza

Tangu tuongelee cherehani za zamani hapa kwa safu hii naona watu wa Nakuru, Nyanza na Magharibi wameingia store wakaanza kutoa vitu. Barua nyingi zilizokuja ni za vakyumu, zile nzito za chuma za mfuko wa kitambaa, na zingine za silinda za kuburutwa chini. Kwa hivyo leo ni hizo tu, wale wa redio na pasi za makaa mtungoje kidogo.

Swali: Fundi, habari ya kazi. Mimi ni mama wa hapa Njoro. Babu ya mume wangu alikuwa mfanyakazi wa nyumba kwa Mzungu mmoja mkulima wa ngano, na huyo Mzungu alipouza shamba akirudi kwao akamwachia mzee vitu kadhaa, kati yao vakyumu ya kusimama. Iko na kichwa cha chuma, mfuko wa kitambaa cha maruni na waya umefumwa nje kama kamba ya kiatu. Kwa sahani ya chini imeandikwa Hoover Limited, Perivale, 230-250 V. Plagi ni ile ya miguu mitatu ya duara. Imekaa store tangu mzee atuache. Kijana wa shemeji yangu anasema ni kukata tu hiyo plagi tuweke ya kisasa tuchomeke tuone. Mimi naogopa. Pia nataka ing'ae, nataka kuiweka sitingi rumu watu waone. — Mama wa Njoro

Jibu: Mama, uko sawa kuogopa, na huyo kijana mwambie aweke mkasi chini kwanza. Plagi si shida, shida ni waya. Chini ya huo uzi uliofumwa kuna raba, na raba ya miaka hiyo ikishakauka inakuwa ngumu, inapasuka, ukikunja waya kidogo unasikia inamomonyoka ndani ingawa nje uzi bado unapendeza kabisa. Sasa fikiria waya hiyo inapanda kwenye mpini wa chuma mpaka kwa swichi, na mkono wako uko hapo hapo kwa mpini, pengine umetoka kupiga deki na miguu iko na maji. Volti 240 hazitaki kujua mashine ni ya ukumbusho wa nani.

Kabla tuendelee, umeuliza bila kuuliza ni ya mwaka gani. Kiwanda cha Perivale kiko London, ile nyumba nyeupe maarufu, kilifunguliwa 1933 na kufunga 1982, kwa hivyo mashine yako iko katikati ya hapo. Ukifungua ukute nyaya za ndani ni nyekundu, nyeusi na kijani basi waya huo ni wa kabla ya mwanzo wa miaka ya 70, kwa sababu kutoka hapo Waingereza walihamia kahawia, buluu na kijani yenye mstari wa njano, hizi ambazo hata sisi tunatumia saa hii. Ikiwa ni za zamani kumbuka nyekundu ndiyo laivu, nyeusi nyutro, kijani erthi. Usibahatishe.

Sasa kazi yenyewe. Toa mfuko upeleke nje mbali na nguo, jifunge kitambaa mdomo na pua, umwage hilo vumbi la zamani. Halafu ifungue mashine na ukague ndani kwa macho, panya wanapenda sana hizi nyumba za mota. Ukiwa na multimita, ile ya kawaida ya maduka ya stima, weka kwa ohmu, swichi ya mashine ikiwa on, gusa miguu miwili ya plagi, laivu na nyutro. Ukiona makumi ya ohmu hivi, mota iko na uhai. Ikisoma sifuri kuna shoti mahali. Isiposoma kitu kabisa, kuna kilichokatika, inaweza kuwa waya, swichi ama kaboni zimeisha, vile vipande viwili vyeusi vinavyopeleka stima kwa sehemu ya mota inayozunguka. Baada ya hapo gusa mguu wa laivu ama nyutro, si wa erthi, na chuma cha mwili wa mashine, hapo hutaki isome kitu. Lakini hiyo mita ya kawaida inatumia betri ndogo, haiwezi kukuonyesha ile shoti inayotokea tu volti zikiwa nyingi, kwa hivyo mpelekee fundi wa kusuka mota akupimie na megga ya volti 500, ile mita ya kupima kama stima inavuja, apate angalau megaohmu moja kati ya nyaya na mwili. Mafundi wa pampu na posho mill wako nazo, ni kazi ya dakika mbili, na wengi hata hawatakuitisha pesa wakiona ni mashine ya aina hiyo, watataka tu kuiangalia.

Ikipita hapo weka waya mpya wote, kutoka plagi mpaka ndani ya mota, usiunge katikati na tepu nyeusi. Chukua flexi ya kore tatu, 0.75 mm² inatosha sana kwa mashine hii. Ile ya erthi ifunge kwa skrubu kwenye chuma cha mwili, na ukwangue rangi hapo chini ya skrubu mpaka uone chuma kitupu, maana erthi iliyofungwa juu ya rangi ni urembo tu. Zingine zilitengenezwa na nyaya mbili bila erthi na mwili ni chuma, hizo ndizo hasa za kuongezewa ya tatu. Hakikisha waya umebanwa pale unapoingilia kwa mpini ili mtu akivuta asing'oe viungo vya ndani.

Plagi ya miguu mraba ukinunua karibu kila mara inakuja na fyuzi ya ampea 13 ndani. Itoe uweke ya 3. Fyuzi ya ampea 3 inabeba mpaka karibu wati 700, na mashine yako ukisoma sahani utakuta iko chini ya hapo. Ukiacha ya 13, waya mwembamba unaweza kuchemka mpaka uyeyuke na fyuzi bado inakaa tu inatazama. Hii watu wengi hawaifanyi hata kwa vitu vipya, na fyuzi bei yake ni ya andazi.

Ndani ya mota ama karibu na swichi unaweza kupata kidude kidogo cha bati ama cha karatasi yenye nta, kina waya mbili ama tatu. Hiyo ni kapasita ya kuzuia redio ya jirani isikwaruze mashine ikiwaka. Zikizeeka zinapiga shoti na kutoa moshi unaonuka vibaya, mtu akidhani mota imeungua. Kata hiyo. Ukitaka kurudisha weka mpya iliyoandikwa X2, 0.1 µF, 275 V, kati ya laivu na nyutro, usipoweka mota itafanya kazi vile vile.

Siku ya kuwasha ndio nakuomba usikimbilie soketi ya ukuta. Tafuta balbu ya zamani ya wati 100, ile ya waya ndani si LED, iunganishwe mfuatano na mashine, yaani stima ipite kwa balbu kwanza ndio ifike kwa mota. Fundi yeyote wa redio ako na bodi ya namna hiyo. Ukiwasha balbu iwake kidogo na mota izunguke polepole, shukuru Mungu. Balbu ikiwaka kabisa na mota imenyamaza, kuna shoti na hakuna kilichoungua, zima urudi kutafuta.

Kuhusu kung'aa. Ikiwa kifuniko ama vishikio ni vya bakelaiti, ile plastiki ngumu nyeusi ama kahawia ya zamani, futa na kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, ukaushe, kisha Brasso kidogo kwa kitambaa laini ama polishi ya gari, na ujaribu kwanza mahali pasipoonekana. Usiloweke na usiguse na msasa. Bakelaiti iko na ngozi nyembamba juu inayong'aa na chini yake ni unga wa mbao uliochanganywa na gundi, ukishatoa hiyo ngozi haitarudi, itabaki imefifia. Alumini ya kichwa nayo weka mbali na ile waya ya kusugulia sufuria na jivu. Brasso na subira. Chuma cha nikeli ama kromu kikiwa na kutu kidogo, chukua foili ya jikoni uikunje, uichovye kwa maji, usugue polepole, kutu inatoka bila kukwaruza. Mfuko wenye maandishi usiufue, hiyo rangi ya maandishi inaondoka na maji na hapo umepoteza uso wa mashine.

Kuna watu watakushauri upige spray ya gari iwe nyekundu ama gold. Mimi nakataa. Mikwaruzo ya pale mzee alikuwa akigonga miguu ya meza ndiyo inayofanya iwe ya mzee, rangi mpya utapata dukani siku yoyote.

Swali: Fundi, ni kweli huyu Hoover ndiye alivumbua vakyumu? Tumebishana kazini mpaka chai ikapoa. — Mwalimu, Gilgil

Jibu: Hapana mwalimu. Mwingereza Hubert Cecil Booth ndiye alitengeneza ya kufyonza kwa injini 1901, na ilikuwa kubwa, inavutwa na farasi mpaka nje ya nyumba ya mteja, kisha mipira mirefu inapitishwa dirishani. Ni mwaka ule ule reli ilifika Kisumu, Desemba 1901, kwa hivyo piga hesabu. Ile ya mtu mmoja kusukuma yenye mfuko ilitoka kwa James Murray Spangler, mfagiaji wa Canton, Ohio huko Marekani aliyekuwa na pumu na vumbi la kazini linamsumbua. Akachukua mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya ya mto. Akapata hataza 1908, kisha akauza kwa William Hoover ambaye biashara yake ilikuwa ya ngozi. Hoover alikuwa na pesa na akili ya kuuza. Mliobishana naye mnunulieni chai ingine.

Swali: Bwana Fundi, mimi niko Kisumu, Milimani. Dada yangu alirudi kutoka Marekani na kontena ya vitu vya nyumba na ndani kulikuwa na vakyumu ya silinda ya miaka ya zamani, ya chuma, nzuri ajabu, iko na miguu ya kuteleza chini. Nikanunua ile adapta ya kubadilisha plagi, nikachomeka. Ililia kwa sauti ya juu sana kama sekunde tano hivi, ikatoa moshi, ikanyamaza. Sahani inasema 115-120 V. Nimeimaliza? — Kijana wa Milimani

Jibu: Pole sana ndugu. Adapta inabadilisha umbo la miguu peke yake, volti zinabaki zile zile 240 za hapa kwetu. Mashine ya 120 ukiipa mara mbili ya volti inajaribu kula karibu mara nne ya nguvu yake na kuzunguka kwa spidi ambayo haikuundiwa, hiyo ndiyo kelele ulisikia.

Lakini usiitupe. Sekunde tano si nyingi, na kunyamaza kwake inaweza kuwa kiungo kimoja tu kimekatika. Fungua utoe kaboni mbili uziangalie, angalia waya ndogo inayoshika kila kaboni kama imekatika. Kisha kuna koili mbili zilizotulia kwa mwili wa mota, pima kila moja peke yake, zinafaa kusoma karibu sawa, moja ikisoma kidogo sana kuliko ingine ama isisome, hiyo imeungua. Halafu amacha, ile inayozunguka. Pima kati ya kipande kimoja cha shaba, pale kaboni zinapogusa, na jirani yake, uzunguke yote, masomo yafanane. Pakiruka mahali pamoja hapo ndipo moto ulipita. Na unuse pia, vanishi iliyoungua ina harufu kali ambayo haidanganyi.

Koili zikiwa ndizo zimeenda, wale mafundi wa kusuka mota wanaweza kuzisuka upya, ila mwambie ahesabu mizunguko na apime unene wa waya kabla hajakata kitu, wengine wanakata ndio wanauliza. Amacha ikiungua kazi inakuwa ndefu na ya pesa, hapo ni wewe na mapenzi yako kwa hiyo mashine. Na usimruhusu mtu akushawishi aisuke iwe ya 240, inabidi abadilishe koili na amacha zote, transfoma ni rahisi kuliko hiyo hadithi.

Transfoma unayotafuta ni ya kushusha 240 kwenda 110 ama 120, na wati zake zizidi za mashine vizuri, mashine ya wati 600 ipe transfoma ya 1000, kwa sababu mota ikianza inavuta zaidi. Ile 60 Hz iliyoandikwa kwa sahani na yetu ya 50 isikuumize kichwa, mota hizi za kaboni hazijali, zingefanya kazi hata kwa stima ya betri. Mwisho andika 120 kwa karatasi kubwa ugundishe kwa plagi, maana siku hauko nyumbani mgeni ataichomeka ukutani.

Swali: Mota ya vakyumu yangu inatoa cheche za buluu ndani nikiangalia kwa matundu. Fundi mmoja hapa Kakamega mjini aliiweka oili nyingi sana akasema itapona, sasa cheche zimezidi. — Msomaji, Kakamega

Jibu: Huyo alikuwekea oili wapi? Ikiwa ni juu ya ile shaba inayozunguka chini ya kaboni, komutata, basi ameongeza shida, maana oili inashikana na unga wa kaboni inakuwa matope yanayopitisha stima.

Tuelewane kwanza, cheche kidogo za buluu chini ya kaboni ni kawaida kwa mota hizi. Ya kuogopa ni zile za rangi ya machungwa zinazozunguka shaba yote kama pete ya moto. Chomoa plagi. Pande mbili za mota kuna vifuniko vidogo vya skrubu, fungua polepole maana ndani kuna springi na ikiruka utaitafuta chini ya kabati mpaka usiku. Ukitoa kaboni weka alama ni ya kushoto ama kulia na ilikuwa imeangalia wapi, kwa sababu mdomo wake umelika kufuata mviringo wa shaba na ukiigeuza haitakaa vizuri. Ikiwa imebaki kama milimita 6 ama chini ya hapo badilisha zote mbili, usibadilishe moja.

Kupata za mashine ya zamani si rahisi lakini usikate tamaa, maduka ya vifaa vya drili na graina yako na kaboni za saizi nyingi. Nunua iliyo kubwa kidogo, tandika msasa juu ya kioo kilichonyooka, uisugue upande mmoja baada ya mwingine mpaka iingie kwa nyumba yake. Ipime mara kwa mara. Inafaa iteleze yenyewe ukiinamisha, isikwame, lakini pia isicheze kushoto kulia. Ikikwama, springi haitaisukuma na cheche zinarudi siku ya pili. Hapa ndipo watu huharibu kwa haraka, wanasugua upande mmoja sana kaboni inakuwa imepinda na hawaoni.

Kisha ule mdomo. Kata kipande chembamba cha msasa laini wa kioo, kizungushe juu ya komutata upande wa kukwaruza ukiangalia kaboni, uzungushe amacha kwa mkono, kaboni ichukue umbo la mviringo. Usitumie ule msasa mweusi wa chuma, unga wake ukiingia kati ya vipande vya shaba unaweza kupitisha stima. Hiyo oili ya rafiki yako ioshe na spiriti na pamba, kisha uchukue kijiti cha meno upitishe kwa kila mfereji kati ya shaba na shaba utoe uchafu, mmoja mmoja, kazi ya kukaa chini na redio ikiimba. Puliza nje. Ukiona shaba iko na rangi ya chokoleti iliyo sawa kote hiyo ni afya, usiing'arishe mpaka iwe nyekundu mpya. Ikiwa na mifereji mirefu iliyochimbwa na kaboni, mpelekee mtu wa leithi, ile mashine ya kuchonga chuma, aipitishe kidogo sana.

Ukishamaliza haya yote na ile pete ya moto bado iko, koili moja ya amacha iko na shoti, rudi usome nilivyomwambia kijana wa Kisumu.

Na oili ina mahali pake. Beringi zingine za zamani ni za bushi yenye sufi, unaona tundu dogo, hapo tone mbili za oili ya cherehani na umemaliza. Zile za gololi toa, osha na mafuta ya taa, kausha kabisa, weka grisi ya lithiamu kama theluthi moja ya nafasi, usijaze. Zikiwa zinalia hata baada ya kuosha nunua mpya kwa namba iliyoandikwa ubavuni, 608 kwa mfano ni tundu la milimita 8, nje 22, upana 7. Ila mashine za Uingereza za zamani zinaweza kuwa na beringi za inchi, na tundu la inchi tatu kwa nane ni milimita tisa na nusu na kitu, usikubali mtu apige nyundo ya milimita 10 ati itashika. Beba beringi yenyewe na kalipa.

Swali: Mfuko wangu umetoboka na unanuka. Dukani hawana. Naweza kufunga gunia ama karatasi ya nailoni? Niko karibu na ziwa. — Mama Nyalenda

Jibu: Nailoni hapana kabisa mama, hewa ikiingia lazima itoke, ukiziba mfuko mota inapata joto na mashine haivuti tena. Gunia nalo lina matundu makubwa, vumbi laini litapita lirudi kwa kapeti na kwa mapafu yako.

Fungua mshono wa mfuko wa zamani utumie kama kielelezo, umpelekee fundi wa nguo na kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana, kile kizito kinachoitwa drili ama kile cha ovaroli, lakini kifuliwe kwanza kipungue, kisije kikapungua baada ya kushonwa. Mishono iwe miwili na ikae ndani. Jaribu kupuliza kwa mdomo kupitia kitambaa, upite pumzi kwa shida kidogo, hiyo ndiyo sawa. Kisha usitupe ule wa zamani, uuhifadhi kama maandishi yake bado yanasomeka.

Harufu najua inatoka wapi, ni wale wadudu wa ziwa. Msimu wao wakijaa dirishani watu wanawafyonza wote, wanabaki kwa mfuko wanaoza na unyevu wa Kisumu unasaidia. Mwaga mfuko siku hiyo hiyo, uanike juani umepinduliwa ndani nje. Na usifyonze kitu chenye maji hata kidogo, hizi si mashine za maji.

Swali: Mume wangu anasema hii vakyumu ya shosho itamaliza tokeni. — Bungoma

Jibu: Soma wati kwa sahani. Tuseme ni 300, ukiitumia nusu saa umekula uniti 0.15. Pasi ya wati 1000 na zaidi anayotumia kunyoosha shati la Jumapili inakula zaidi ya hiyo, kwa hivyo muulize kama ako tayari kuvaa bila kupigwa pasi.

Swali: Fundi, yangu inawaka vizuri, kelele ya kawaida, lakini haiokoti hata uzi. Mimi niko Lanet, kwetu vumbi ni la kila siku. Pia niambie nitaitunza vipi isirudi kuharibika. — Mzee wa Lanet

Jibu: Mzee, ukisikia mota ni nzima na haiokoti, angalia chini kwanza. Toa bamba la chini utaona brashi ya kuzunguka na mshipi wa raba bapa unaoizungusha. Mshipi ukishalegea mota inazunguka na brashi imesimama. Kupata mwingine chukua huo wa zamani, uulaze bapa, pima urefu, upana na unene, saizi zinatafutika mtandaoni hata za mashine za zamani. Kuna wanaokata pete ya tyubu ya baiskeli, itakusogeza wiki kadhaa lakini ikiwa imebana sana inakula beringi ya mota na ikilegea inateleza na kunuka raba, kwa hivyo iwe ya muda tu. Ukifunga mshipi fuata mshale uliochorwa hapo chini kama upo, ukiupindua vibaya brashi inazunguka kinyume na mashine inakusukuma badala ya kuvuta takataka.

Toa nywele na nyuzi zilizojifunga kwa brashi, kata kwa wembe kwa urefu, na zile za kwenye ncha za beringi ndizo zinazojificha. Manyoya yakiwa yamelika mpaka hayagusi kapeti, mtengenezaji wa brashi anaweza kuyashindilia mapya kwa mbao ile ile.

Lakini kuna kitu cha hizi za kusimama ambacho wengi hawajui. Uchafu wote unapitia katikati ya feni ndio ufike kwa mfuko, hakuna kichungi mbele. Ukifyonza kokoto ya murram, msumari ama shilingi, inagonga mbawa za feni kwa spidi kubwa, ubawa mmoja ukivunjika mashine inatetemeka na beringi zinakufa. Kwa hivyo huko Lanet fagia mlangoni kwa ufagio kwanza, uokote vitu vigumu kwa mkono, ndio uwashe. Simenti, jivu la jiko na plasta iliyosuguliwa usiguse nazo, vumbi lao ni laini mno, linapita kitambaa na kuingia kwa mota.

Kwa kuitunza, usisubiri mfuko ujae, ukifika nusu mwaga. Ukimaliza kazi waya uukunje kwa duara kubwa bila kukaza, na usiuzungushe kwa mwili wa mota ukiwa bado moto. Mashine isiyotumiwa iwashwe dakika chache mara moja moja ili grisi isigande na kaboni zisikwame. Ikae mahali pakavu imefunikwa na shuka, si nailoni, nailoni inashika unyevu. Na mvua ya radi ikianza, chomoa kila kitu kwa soketi. Mara mbili kwa mwaka fungua ile bamba, pima kaboni, kaza skrubu ya erthi, uangalie waya pale unapoingilia kwa mpini, maana hapo ndipo hukatika kwanza hata ukiwa mpya.